Mlima wa Dakika ya Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la maabara, ila mpigachapa alikosea namba za kurasa na bohari wakataka kulitupa. Nimelichukua. Nitaandika humu mambo yangu, lakini kwa sheria ileile ya kazini: hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya neno, lisomeke chini yake, unasaini na kutia tarehe. Nikiandika kwa hasira na kesho nikaona haya, haya hizo nitazisaini.

Leo hasira ninayo. Mkurugenzi ametuita ofisini kwake, mimi na Daktari wa hospitali tunayeshirikiana naye, akatusomea rasimu ya ripoti ya mradi. Ukurasa wa tisa unasema: "Kuna uwezekano mkubwa kwamba sampuli za awali zilichanganywa na vidonge vya dukani na mtengenezaji wake."

Mtengenezaji wake ni shangazi yangu.

Nilimwambia sentensi hiyo haitatoka nje ya jengo hili nikiwa hai. Akasema ripoti inakwenda kwa bodi mwisho wa Aprili, kwa hiyo ninao muda wa kutosha wa kuishi.

Jumatano, 5 Machi

Niliweke sawa, nisije nikasahau mwanzo wake.

Shangazi ni fundi cherehani. Miaka sita iliyopita mikono yake ilianza kutetemeka, hata sindano ikawa haishikiki. Mama mkwe wake alikuwa amemwachia ujuzi wa gome fulani la mti. Akalitengeneza, akanywa, akarudi kwenye cherehani. Daktari, bingwa wa mishipa ya fahamu, alimpima hospitalini kwa njia yao ya siku zote: anakupa kalamu uchore duara la konokono, kuanzia katikati kwenda nje. Kabla ya dawa, konokono wa Shangazi alikuwa na meno kama msumeno. Baada ya dawa alikuwa konokono wa kawaida. Daktari hakuamini, akawapa wagonjwa kumi na wawili dawa ileile kwa usimamizi wake. Tisa kati yao walichora vizuri.

Hapo ndipo dawa ilipoletwa kwetu. Kazi yangu ni mashine inayotenganisha vilivyomo. Unaingiza tone la dawa, kila kitu kinatoka kwa dakika yake, na kila kinachotoka kinachora mlima kwenye karatasi. Dawa ya Shangazi ina mlima mdogo dakika ya saba na mlima mkubwa dakika ya kumi na moja.

Kisha tukatengeneza ya kwetu, kwa maelezo aliyoandika Shangazi kwa mkono wake. Gome lilelile, mti uleule. Mlima wa saba ukatoka mkubwa ajabu. Wa kumi na moja haukutoka kabisa. Wagonjwa walipokunywa ya kwetu, konokono wakaota meno tena. Mkurugenzi akajumlisha moja na moja, akapata kidonge.

Chupa zote tano za Shangazi zilizobaki amezifungia kabatini. Anaita ushahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Paa la stoo linavuja juu ya mizani. Tumeivika mfuko wa plastiki.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi amehamia kwangu, kwa sababu paa lake nalo limesalimu amri. Alikuja na cherehani, mkoba wa nyuzi na malalamiko kuhusu mapazia yangu. Nilikuwa nimepanga kumwambia kidogo kidogo. Alinitazama usoni mara moja tu.

"Sema," akasema. "Umevaa uso wa msibani."

Nikamwambia yote.

"Ameniita mwongo kwa mdomo au kwa maandishi?"

"Kwa maandishi, Shangazi."

"Basi chupa zake akae nazo."

Nilimwomba aje maabara atengeneze mbele yao, tuyamalize. Akakataa katakata. "Nikitengeneza mbele yao watasema nimeficha kidonge kwenye mkono wa gauni. Watengeneze wao, kwa mikono yao. Maelezo nimewaachia, na mwandiko wangu unasomeka. Mpaka siku watakapoweza, mimi gome siligusi."

"Na mikono yako?"

"Mikono ni yangu. Acha itetemeke."

Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Nguo zenyewe nilikuwa nimeshazianua asubuhi.

Jumanne, 11 Machi

Daktari, ambaye ofisini kwa Mkurugenzi hakufungua mdomo, amenipa leo karatasi yenye sahihi yake ili niuziwe kila kidonge kinachotolewa kwa ajili ya mtetemeko au kutuliza mishipa. Maduka manne ya dawa, aina kumi na tisa. Muuzaji wa duka la mwisho aliniuliza kama niko salama nyumbani.

Naingiza kimoja kimoja. Kila kimoja dakika ishirini.

Alhamisi, 13 Machi

Vidonge kumi na nane havigusi dakika ya kumi na moja. Cha kumi na tisa kimetoka dakika ya kumi na moja kamili.

Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakucheka. Afadhali angecheka. Aliniwekea mkono begani akasema, "Pole, dada. Damu ni nzito."

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika na hili, kwa sababu hakuna kufuta. Jioni nilimuuliza Shangazi, "Kweli hukuwahi kuweka kitu? Hata kidogo, siku mkono ulipozidi?"

Alikuwa anajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Aliiweka mezani, akaenda kulala. Ilikuwa saa moja jioni.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Shangazi hasemi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Shangazi hasemi. Amepika, amepakua, sahani yangu ameisukuma kwa kidole kimoja.

Jumatatu, 17 Machi

Hasemi.

Jumanne, 18 Machi

Nimekaa siku nne nikijionea huruma, wakati jibu nafundishwa tangu mwaka wa kwanza chuoni. Watu wawili wakifika kituoni saa ileile haina maana ni mtu mmoja. Ukitaka kujua, wapandishe pamoja.

Nikachanganya tone la dawa ya Shangazi, iliyobaki kwenye kichupa changu cha kipimo, na tone la kile kidonge. Nikaingiza. Kama ni kitu kimoja, utatoka mlima mmoja mrefu zaidi. Ulitoka mlima wenye vichwa viwili.

Nilimpelekea Mkurugenzi karatasi ikiwa bado ina joto la mashine. Akaigeuza huku na huku. "Huu ni mlima mmoja uliochoka," akasema.

Jumatano, 19 Machi

Nimepunguza mwendo wa mashine kwa nusu, ili vilivyokaribiana viachane. Sasa ni milima miwili, na katikati yake kuna bonde ambalo hata kipofu angelipapasa. Kidonge ni kidonge, na cha Shangazi ni kitu kingine ambacho hakiuzwi katika duka lolote ninalolijua.

Safari hii Mkurugenzi alikaa kitini. Alinieleza jambo ambalo sikulijua. Mradi wake wa kwanza, miaka kumi na tano iliyopita, ulikuwa wa mizizi ya kutuliza maumivu. Aliutetea kila mahali, hadi wenzake wa nje walipopima na kukuta vidonge vilivyosagwa. "Nilisimama mbele ya ukumbi mzima," akasema, "na mtu akaniuliza kama huwa napima au naamini tu." Nilimwona ghafla kama mtu wa kawaida, aliyeumwa na nyoka na sasa anaogopa kila kamba. Nikamhurumia.

Kisha akauliza, "Haya, si kidonge hiki. Lakini kama kitu hicho ni cha gome, kwa nini gome letu halina?"

Akasema sentensi ya ukurasa wa tisa itabaki mpaka nipate jibu. Huruma yangu ikaishia hapo.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwomba Shangazi msamaha. Nilijiandaa kwa hotuba ndefu, lakini nilipofika mlangoni pake nilisema tu, "Nilikukosea."

"Ulinikosea sana," akasema. "Mtu baki akiniita mwongo nalala. Wewe nilikuogesha."

Nililia, na sioni aibu kuandika kwamba nililia. Aliniacha nilie mpaka nikatosheka, ndipo akanionyesha alichokuwa akifanya kimya kimya. Nyuma ya kurasa za kalenda ya zamani amekuwa akichora konokono, mmoja kila asubuhi, na tarehe pembeni, kama Daktari alivyomfundisha. Wa tarehe kumi ana mawimbi. Wa leo huwezi kusema ni konokono. Ni kama kuku amepita na wino miguuni.

"Unajitesa," nikamwambia.

"Naweka kumbukumbu," akasema. "Wewe si ndiyo kazi yako?"

Jumatano, 2 Aprili

Tumerudia gome tangu mwanzo mara ya tatu. Mlima wa saba mkubwa, wa kumi na moja hakuna.

Nimeanza kumtilia shaka Mzee wa Sinia. Huyu ni fundi sanifu wetu, karibu anastaafu, na jina hilo alipewa kwa sababu masinia ya kukaushia haruhusu mtu mwingine ayaguse. Magome yakishapondwa anayapanga moja moja kwenye sinia, yasipandane, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Kisha yanaingia tanuri la nyuzi sitini. Nilisimama juu ya kichwa chake na karatasi ya Shangazi mkononi, nikihakiki kila hatua kwa sauti.

"Magome mabichi yapondwe."

"Yamepondwa," akasema.

"Yalazwe vizuri."

Akaonyesha sinia. "Yamelala kuliko sisi."

"Yakaushwe. Yachemshwe kwa vikombe viwili vya maji."

Hatua zote zilifuatwa. Nikatoka nikiwa nimemnunia kwa kosa lisilokuwapo. Aliona, akaendelea kupangusa masinia yake.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Daktari amepiga simu kuuliza habari za Shangazi. Amesema wagonjwa wake wawili wameacha kazi, mikono haishiki kitu.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo naandika haraka.

Asubuhi nilikuwa nimechelewa. Nilipasha chai iliyokuwa kwenye birika, nikammiminia Shangazi. Alionja, akakunja uso, akakishusha kikombe magotini.

"Hii chai imelala."

"Ni ya jana jioni tu, Shangazi."

"Ndiyo nasema imelala. Kama ungetaka kuilaza ungeniambia mapema, ningekunywa maji."

Nilikuwa nimeshika mkoba, mguu mmoja nje. Neno lile likanirudi. Kuilaza. Nikarudi ndani, nikakaa chini sakafuni mbele ya kiti chake kama mtoto.

"Shangazi. Uliposema magome yalazwe, ulimaanisha nini?"

Akaniangalia kama nimemuuliza jina lake. "Yalazwe. Yalale. Unaponda leo, unafunika ndoo, unafungua kesho. Kwani magome mnayalazaje nyie?"

"Kwenye sinia," nikasema. "Yanalala chali."

Alinitazama, akakitazama kikombe. Kisha akaanza kucheka, cheko la kutoka tumboni ambalo sikuwa nimelisikia tangu Machi, mpaka chai iliyolala ikamwagika kwenye sketi yake. Alipomaliza, macho yalikuwa na machozi na sauti imebadilika. "Miezi yote hii," akasema, "kwa sababu ya sinia."

Sasa niandike kama mkemia. Katika gome bichi kile kitu kimefungwa pamoja na sukari, na huo ndio mlima wa saba. Ukiliponda na kuliacha usiku mmoja, vimeng'enya vya gome lenyewe vinaikata ile sukari polepole. Kinachobaki huru ndicho mlima wa kumi na moja. Sisi tulikuwa tunaponda na kutia tanurini saa ileile. Nyuzi sitini ziliua vimeng'enya kabla havijaanza kazi.

Haya ni mawazo bado. Sijapima. Lakini nina hakika kama ninavyojua jina langu.

Na karatasi ile nimeisoma mara mia. Mimi, niliyekulia nyumbani kwa Shangazi, nikinywa chai hiyohiyo. Niliyaona masinia kwanza, ndipo nikalisoma neno.

Jumanne, 8 Aprili

Nilimwambia Mzee wa Sinia kabla ya mtu mwingine yeyote. Alinidai haki hiyo, kwa kuwa nilimnunia bure. Alivua miwani, akaipangusa kwa koti, akaivaa, akaivua tena.

"Mke wangu hulaza maharage kila Ijumaa," akasema. "Kila Ijumaa, binti. Miaka thelathini."

Nilimwambia kosa ni letu wote. Akakataa kufarijiwa. Aliuliza ndoo zipo wapi.

Jumatano, 9 Aprili

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni nadharia nzuri, ila ndoo ikilala maabara, na mimi nina ufunguo wa maabara, nani ataamini?

Nilikuwa nimemsubiri hapo hapo. "Ilale ofisini kwako," nikasema.

"Unasemaje?"

"Mzee wa Sinia ataponda mbele yako. Mimi nitasimama mlangoni, mikono nyuma. Ndoo ifunikwe, uifunge kwa kufuli lako, iwekwe chini ya meza yako, ufunge na mlango. Funguo zote ulale nazo wewe. Kesho kikitokea kitu humo, utakuwa umekiweka wewe."

Alitazama zulia lake. Alitazama dirisha, mvua inapiga. Daktari, aliyekuwa amekuja na makaratasi ya wagonjwa wake, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kama utaikataa ndoo, Mkurugenzi, nitaandikia bodi kwamba uliikataa."

Saa kumi jioni ndoo ilikuwa chini ya meza. Mzee wa Sinia aliigongagonga kifuniko kama anambembeleza mtoto.

Alhamisi, 10 Aprili

Harufu ilianzia ngazini. Ni harufu ya majani yaliyosahauliwa kwenye mfuko uliofungwa, na ofisi nzima ya Mkurugenzi ilikuwa ndani ya mfuko huo. Alifungua kufuli mwenyewe, leso puani. Gome lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia iliyoiva.

Mzee wa Sinia alikausha, akachemsha, akachuja, mbele yetu sote. Mkurugenzi alibeba kichupa kwa mkono wake mwenyewe hadi kwenye mashine, akakiweka, akabonyeza kitufe. Mimi mikono nyuma. Tukakaa wanne tukitazama mstari.

Dakika ya saba ulipanda mlima mdogo. Ya nane, bapa. Ya tisa, bapa. Daktari alikuwa amenishika kiwiko kwa nguvu. Ya kumi, bapa. Nilifikiri, nikikosea leo nitamwangaliaje Shangazi? Kisha mstari ukainuka, ukapanda na kupanda mpaka karatasi ikataka kuisha.

Nilimwambia Mkurugenzi alete na kichupa cha Shangazi kutoka kabatini. Tukavichanganya, tukapunguza mwendo kwa nusu. Ulitoka mlima mmoja, mrefu zaidi, kichwa kimoja.

Mzee wa Sinia alitoka nje kupangusa masinia ambayo hayakuwa na vumbi.

Jumatatu, 14 Aprili

Rasimu mpya imekuja. Ile sentensi ya ukurasa wa tisa haipo. Imetoweka kana kwamba haikuwahi kuandikwa, na mahali pake pana maneno ya kumshukuru "mtoa taarifa mmoja wa kike".

Nilirudi kwake. Nikamwambia sheria ya nyumba hii ni yake mwenyewe, alitufundisha siku ya kwanza: hakuna kufuta. Rasimu ile ilisomwa mbele yetu na kupigwa muhuri wa kumbukumbu. Basi kwenye nakala ya kumbukumbu apige mstari mmoja, isomeke chini yake, asaini, atie tarehe. Na chini yake aandike aliyekosea ni nani. Si yeye peke yake. Mimi pia, na masinia.

"Unanidhalilisha," akasema.

"Hapana. Nataka kosa letu libaki na sahihi, kama makosa mengine yote humu ndani."

Nilisubiri nifukuzwe kazi. Alichukua muda mrefu kutafuta kalamu iliyokuwa mfukoni mwake. Alipiga mstari kwa rula.

Jumanne, 22 Aprili

Shangazi amefika maabara kwa mara ya kwanza, amevaa gauni la mikono mifupi. Alisema amelichagua makusudi.

Mkurugenzi alimwamkia shikamoo, ingawa sidhani kama amezidiwa hata miaka mitatu. Alimwonyesha ukurasa wenye mstari. Shangazi aliusoma wote, mdomo ukifuata maneno. Kisha akafungua mkoba wa nyuzi na kumwekea mezani bunda la kurasa za kalenda, konokono arobaini na wanne, tangu tarehe kumi Machi hadi leo, hakuna siku iliyorukwa.

"Hizi ni za msimu ulioniita mwongo," akasema. Mkono ulitetemeka hadi karatasi zikapiga kelele juu ya meza, na hakuuficha. "Ziweke kwenye ripoti yako. Zina tarehe."

Daktari alizipokea yeye. Alisema kwa upole kwamba hakuna mgonjwa aliyewahi kumwandikia kukosa dawa siku kwa siku namna hii. Leo hii ameanza kumpa dawa ya ndoo ya Mzee wa Sinia, kipimo kidogo, hospitalini, chini ya macho yake.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imepungua. Konokono wa leo ana meno mawili tu. Bodi imeuongezea mradi mwaka mmoja.

Jumamosi, 17 Mei

Jua. Shangazi ameshona mapazia yangu upya, akiyatukana. Kesho anarudi kwake.

Nilimletea ripoti iliyochapwa. Ukurasa wa tisa, hatua ya pili: "Magome yalazwe, yaani yaachwe kwenye chombo kilichofunikwa kwa usiku mmoja." Mkurugenzi alitaka neno la kitaalamu zaidi. Nilimwambia akilitoa neno "yalazwe" atoe na jina langu. Jina la Shangazi, lote na la baba yake, liko juu ya langu.

Alilitazama jina lake kwa muda. Akapitisha kidole juu yake. Kisha akashuka hadi hatua ya pili na kukunja uso uleule wa chai.

"Hii 'yaani' ni ya nani?"

"Ni yangu, Shangazi."

"Mimi nilisema yalazwe. Anayejua Kiswahili angeelewa." Akanirudishia ripoti, akainamia cherehani, akatunga uzi mara moja.

Nimeiacha "yaani" yangu. Wakurugenzi ni wengi.